Mfukoni kwa Shangazi: Rejesho ni la kila siku, korosho ni za mara moja kwa mwaka

Barua za mwezi huu karibu zote zina neno moja, kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye rejesho la kila siku. Sikushangaa. Ni Julai. Mikorosho iko kwenye maua, hela ya msimu uliopita ilishaliwa zamani, na hela mpya haionekani mpaka minada ifunguliwe Oktoba. Miezi hii ndiyo pikipiki za maafisa mikopo zinapoonekana hata kwenye njia za mashambani. Wanaijua kalenda yetu kuliko sisi wenyewe.

Nimechagua barua tano. Wageni wa safu hii, mimi ni yule mama wa Mikindani niliyeuza wali karibu na bandari ya Mtwara kwa miaka mingi, na sasa nashika ufunguo mmoja kati ya funguo tatu za sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sikusomea benki. Nimekopa, nimechukuliwa vitu, nimekopesha.

Shikamoo Shangazi. Nauza chapati na supu ya pweza Chikongola. Mwezi wa nne nilikopa 300,000. Mkononi nilipata 270,000, nyingine ilikatwa ya fomu na bima. Narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Mkopo wa kwanza nilimaliza vizuri, wakanipa wa pili siku ileile. Katikati mtoto akaumwa, tukalazwa siku nne, biashara ikasimama. Nikakopa sehemu ya pili ili nilipe ya kwanza, halafu ya tatu. Sasa marejesho yote kwa siku ni 27,000, na faida yangu siku nzuri ni 15,000. Mume wangu hajui. Afisa kasema Ijumaa wanakuja kubeba friji.
*Mama Chapati, Chikongola*

Marahaba mwanangu, pole na mgonjwa.

Chukua daftari tuhesabu pamoja ule mkopo wa kwanza, ule unaosema ulimaliza vizuri. Ulipokea 270,000. Ulirudisha 13,000 mara 30, yaani 390,000. Gharama ni 120,000. Hapo wengi wanaishia, wanasema basi ni ghali kidogo. Hebu tusogee mbele.

Siku ya 15 ulikuwa umeshatoa 195,000. Kwa hiyo katika hela yao ulibaki na 75,000 tu, lakini rejesho lilikuwa lilelile kana kwamba laki tatu nzima bado imelala kwenye unga na mafuta yako. Siku ya 21 ulikuwa umetoa 273,000, umeshawarudishia yote waliyokupa na 3,000 juu. Kuanzia siku ya 22 mpaka ya 30 ulikuwa unaamka saa kumi usiku kukanda chapati za watu wengine. Mkopo wa kila siku hauongezi mtaji kwa muda mrefu. Unakupa mtaji wiki ya kwanza, kisha unaunyofoa kidogo kidogo, na siku unayomaliza uko palepale ulipoanza, ndiyo maana ya pili ukaichukua siku ileile. Hukuwa mjinga. Huo mkopo ndivyo ulivyo.

Mimi friji langu lilibebwa mwaka 2016. Vijana wawili na afisa wao. Ndani mlikuwa na changu wa mteja aliyelipia kabisa. Wakanisubiri niwatoe, na mmoja akanishikia beseni. Adabu nzuri kabisa. Mpaka leo nikiliona lile beseni la bluu tumbo linanikaza.

Sasa Ijumaa yako. La kwanza, usichukue wa nne, hata akija mwenye maneno matamu. La pili, mwambie mumeo leo usiku. Friji likitoka mlangoni atajua tu, tena atajulia kwa majirani, na hapo utakuwa na matatizo mawili.

Alhamisi nenda ofisini kwao, usimsubiri afisa wa pikipiki kwa sababu yeye hana mamlaka ya kukupunguzia hata shilingi. Onana na meneja. Chukua karatasi za hospitali, mkataba na risiti zako. Usiseme "naomba mnionee huruma." Sema namba. Faida ni 15,000, chakula na dawa 6,000, inabaki 9,000 kwa wote watatu. Anayetaka kubeba friji mpe 5,000 kwa siku, wale wawili 2,000 kila mmoja, na uwaombe wote wasimamishe faini. Wakikubali, iandikwe na isainiwe. Wakopeshaji wengi wanapenda kupokea 5,000 ya kweli kuliko kulibeba friji bovu na kulitafutia mnunuzi.

Kabla hujaenda, soma mkataba. Kama friji uliliandikisha mwenyewe kuwa dhamana, usidanganywe na wanaokuambia hawawezi kuligusa. Kama hukuliandikisha, kudaiwa peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kuingia kwako na kubeba. Mwite mwenyekiti wa mtaa awepo.

Na uulize leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kwa biashara bila kupokea amana anatakiwa awe na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu, na ukomo wa riba uliowekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Wewe juu ya mkopo umelipa 90,000, na 30,000 ilishakatwa kabla hujaondoka dirishani. Watakuambia siyo riba, ni ada ya hiki na tozo ya kile. Waambie wakuandikie kila ada na jina lake. Wasipokujibu, andika malalamiko kwao kwanza, kisha peleka Benki Kuu. Wana tawi hapahapa Mtwara, na mlango haujaandikwa kwamba ni wa matajiri tu.

Habari za Mikindani, Shangazi. Mimi ni kijana wa Tandahimba, nina ekari nne za mikorosho alizoniachia baba. Nahitaji 240,000 ya salfa ya kuongezea na kumlipa mpulizaji. Kuna mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima nje ya mnada kwa bei ya chini, yuko tayari kunipa leo, na Oktoba nimpe kilo 200. Anasema huu siyo mkopo, hana riba. Nikubali?
*Mrithi wa Mikorosho*

Njema mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla. Wenzako huandika Desemba.

Huyo bwana ana riba, sema ameificha kwenye korosho. Kilo 200 kwa 240,000 maana yake umeuza kilo kwa 1,200. Tuseme msimu uwe wa wastani, na baada ya makato yote upate 2,500 kwa kilo. Kilo 200 zingekupa 500,000. Umeazima 240,000 kwa miezi minne na umelipia 260,000. Na bei ikipanda, anayefaidi ni yeye. Oktoba 2024 mnada wa kwanza bei ilipita 4,000 kwa kilo. Fikiria waliokuwa wameshauza zikiwa bado maua.

Sasa hapa natofautiana na wale wanaokuambia usikope kabisa. Salfa haisubiri. Ubwiri unga, ugonjwa unaozuiwa na salfa, ukishaingia kwenye maua, Oktoba utaokota majani. Mtu anayekopa ili apulize alfajiri kabla upepo haujaamka, akijua kwamba bila hivyo anakosa nusu ya mavuno, huyo anafanya biashara. Shida yangu ni kulipa kwa korosho. Kopa hela, lipa hela.

Hebu ona. Hata ungekopa hiyo 240,000 kwenye kikundi kikali cha asilimia 10 kwa mwezi, ambayo ni karibu mara tatu ya ule ukomo wa Benki Kuu, miezi minne ingekugharimu 96,000. Kikundi chetu ni asilimia 5, ingekuwa 48,000. Linganisha na 260,000 ya huyu asiye na riba.

Lakini kabla ya kikundi, nenda chama chako cha msingi cha ushirika. Pembejeo za ruzuku zinatolewa kwa wakulima waliosajiliwa. Wewe ni mrithi, na nina wasiwasi shamba bado linasoma jina la marehemu baba yako. Kama ni hivyo, salfa yako inalala ghalani kwa sababu ya karatasi. Shughulikia hiyo wiki hii, huenda hiyo 240,000 ikageuka kuwa 80,000 ya mpulizaji tu.

Jambo la tarehe. Ukikopa, usikubali kulipa Oktoba. Mnada ukifanyika leo hela haiingii leo. Kuna mzigo kufika ghala kuu, kuna mnunuzi kulipa, kuna chama kupitisha, kuna benki. Weka Desemba. Na hata hivyo ukumbuke ya 2018. Oktoba ile wakulima waligomea bei za mnada, Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba, tukashangilia. Kisha ukaja uhakiki wa kuwatafuta watu wa kangomba, na malipo yakachukua miezi. Bei ilikuwa nzuri. Waliokuwa na rejesho la Desemba waliuza mbuzi. Sanduku letu mwaka ule lilifunguliwa mara tatu kuwaokoa wanachama ambao kwenye karatasi walikuwa matajiri.

Na kangomba ni kosa kisheria, hilo unalijua, naandika tu lisije likasemwa sikulisema.

Ndugu Shangazi, mimi ni mwalimu wa sekondari, Lindi mjini. Nilipakua programu ya mikopo kwenye simu nikaomba 50,000. Iliingia 35,000, nikatakiwa kulipa 50,000 ndani ya siku saba. Siku ya sita wakaanza kuwatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Mkuu wa shule amepata, mama mkwe amepata, hata mtu niliyemhifadhi kwa jina "Fundi Bomba Usipokee" amenipigia kunipa pole. Wananiambia nilipe 15,000 waniongezee wiki moja.
*Mwalimu, Lindi*

Mwalimu, pole. Huyo fundi bomba mbadilishie jina, ameonyesha utu.

Usilipe hiyo 15,000 ya kuongeza wiki. Haipunguzi deni hata shilingi. Wiki ijayo watakuomba nyingine, na ukifika wiki ya nne utakuwa umetoa 60,000 na bado unadaiwa 50,000 nzima.

Wewe ni mwalimu, nitakupa hesabu ya ubaoni. Umelipishwa 15,000 kwa 35,000 ya siku saba, asilimia 43 hivi. Uingereza, ambako mikopo hii ya kusubiri mshahara iliwaumiza watu sana, Januari 2015 waliweka ukomo kwamba riba na ada zote zisizidi asilimia 0.8 kwa siku. Kwa 35,000 yako ni 280 kwa siku, 1,960 kwa wiki. Kwa ukomo wetu wa asilimia 3.5 ni 1,225 kwa mwezi mzima. Uingereza waliongeza na sharti jingine ambalo natamani lingetundikwa kila ofisi ya mikopo kuanzia hapa mpaka Liwale, kwamba gharama zote, faini ndani yake, zisizidi kamwe kile ulichokopa. Ukikopa kumi, mwisho wa yote ni ishirini. Deni linajua mahali pa kusimama.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kama yako imo. Lakini usifarijike kwa kutoikuta, maana jina likifungiwa asubuhi jioni linarudi na rangi nyingine. Ulichotakiwa kuangalia ni leseni, na kile kiboksi ulichobonyeza "kubali" bila kusoma, kilichowapa ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya majina yako. Dhamana uliyoweka ni mama mkwe.

Fanya hivi. Piga picha za skrini za kila ujumbe, waombe na wenzako wakutumie waliyopokea. Ukimaliza, zima ruhusa zote za hiyo programu kisha ifute. Majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi, sitakudanganya, ila hawatachukua mapya. Tuma ujumbe mmoja mfupi kwa watu wako kwamba taarifa za simu yako zimechukuliwa na wasijibu wala wasilipe chochote. Kwa mkuu wa shule usitume, nenda mwenyewe. Ukiwa na ushahidi, peleka malalamiko Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sababu tangu sheria ya 2022 kuanika mambo ya mtu namna hiyo si utani. Matusi na vitisho ni vya polisi.

Na ile 35,000? Uliila, irudishe. Irudishe kwa njia yenye kumbukumbu, uandike ni marejesho ya kiasi ulichopokea, na hayo mengine wakudai mbele ya mtu mwenye mamlaka. Wenzangu wengine wananipinga hapa, wanasema asiye na leseni asilipwe kitu. Mimi nimelelewa hivyo.

Jambo moja linanisumbua katika barua yako. Una mshahara wenye tarehe. Wewe ndiye mtu ambaye Saccos ya walimu au mkopo mdogo wa benki ungemfaa, wewe si sawa na huyu mama wa chapati. Nahisi uliogopa kumwambia mtu kwamba hela imekwisha tarehe 14. Simu haikuoni aibu, ndiyo maana tunaikimbilia.

Shangazi, mjukuu wangu anachezwa unyago Desemba. Nataka kukopa 500,000 za kausha damu sasa, nitalipa watu wakija kutunza.
*Bibi, Nachingwea*

Shikamoo bibi. Watu wanatunza khanga na sahani. Hawatunzi marejesho. Desemba ya korosho ni tajiri kuliko Julai, subirini, mbuzi hatakimbia na mwali hatazeeka.

Shangazi mambo. Nachuuza samaki hapa Feri. Kila alfajiri nakopa 100,000 kwa mama mmoja, jioni narudisha 105,000. Faida yangu huwa 20,000 kabla sijamlipa. Rafiki yangu anasema naibiwa. Naibiwa?
*Mchuuzi wa Feri*

Poa mwanangu. Huibiwi. Katika barua zote tano wewe peke yako ndiye unayekopa inavyotakiwa. Hela inaingia alfajiri, samaki wanauzwa mchana, jioni imerudi, na unabaki na 15,000 ambayo bila huyo mama usingeiona. Asilimia 5 kwa siku inatisha ukiiandika kwenye gazeti, lakini wewe hulali nayo hata usiku mmoja.

Ila nina swali. Umefanya hivi kwa muda gani? Siku 26 kwa 5,000 ni 130,000 kwa mwezi. Kila mwezi unamlipa huyo mama zaidi ya mtaji wenyewe. Anza kutoa 5,000 nyingine kwenye ile 15,000, uweke kwenye kibubu au umpe mtu usiyeweza kumgombeza. Baada ya siku 20 za soko una 100,000 yako. Siku ya 21 hukopi, na ile 5,000 ya mama inakuwa ya kwako.

Usimkate ghafla, lakini. Mwachie hata siku moja kwa wiki. Siku injini itakapoharibika au ukiumwa utamhitaji, na ana haki ya kukukumbuka kwa wema.

Na kusi hii ikivuma, usichukue hela yake usiku ukategemea bahati. Simama pwani kwanza uone ngalawa zimeingia na nini. Siku ambayo hakuna samaki, 5,000 hiyo unaitoa kwenye chakula cha watoto.

Mwezi wa tisa upepo ukitulia niandikie umefikisha ngapi. Na uniambie pweza hapo Feri kilo imefika shilingi ngapi, maana huku Mikindani wanatuuzia kama dhahabu.